Fundi wa kompyuta Karatu aliyeahidi magari ya jirani

“Mfumo wangu ukikwambia gari lipo, wewe funga kamba za viatu tu. Gari lipo.”

Ni saa kumi na mbili kasoro asubuhi. Ukungu bado umelala juu ya mashamba ya ngano ya Karatu, na Elisaria Kaaya amesimama mbele ya kompyuta tatu akiwa na jaketi zito na kofia ya sufu iliyoshuka mpaka kwenye nyusi. Ukikutana naye barabarani katika vazi hilo utadhani ni mlinzi anayetoka zamu. Kumbe ni msanifu wa mifumo ya kompyuta, na anapenda sana ukimwita hivyo.

Majigambo yake hayajapoa, sauti ya mwanamke inapenya kutoka chumba cha pili.

“Muulize habari za uwanja wa ndege wa Manyara!”

“Dada Aika, si una kazi wewe?”

“Ninayo. Na hii ni mojawapo.”

Mwenye sauti ni Aikande Lema, mama wa Kimachame ambaye kwa miaka tisa amekuwa akiendesha redio ya mawasiliano ya kampuni hii ya utalii, ile ambayo wengi tunaiita simu ya upepo. Ana kikombe cha chai mkono mmoja, kipaza sauti mkono wa pili, na kumbukumbu ambayo Elisaria angelipa ifutwe.

Leo ni Jumapili ya mwisho ya Septemba 2007, na Elisaria hakwenda ibadani. Saa tatu na nusu ndege ndogo itashusha wageni kumi na sita katika uwanja wa Manyara, kule juu ya ukingo wa Bonde la Ufa. Wanahitaji magari manne. Wote wakipanda, Elisaria anabaki na kazi na programu zake anazoziita madirisha. Akiachwa hata mmoja, kompyuta zinazimwa, kila kitu kinarudi kwa Aikande na redio yake, na Elisaria anafungasha virago kwenda Arusha.

Hayo si maneno ya mtaani. Yalisemwa na mkurugenzi mwenyewe, Mama Clara Swai, mbele ya wafanyakazi wote, mwezi Julai. Mama Clara amekubali yaandikwe kwa sharti moja, kwamba jina la kampuni lisitajwe. Mbele kidogo utaelewa kwa nini.

Elisaria ana miaka thelathini na tatu. Alizaliwa Akheri, Meru, kwa wakulima wa kahawa. Baada ya kidato cha sita alisomea kompyuta Arusha mpaka stashahada, kisha akafanya kazi katika ofisi iliyokuwa ikiuzia mahoteli programu. Alikuja Karatu mwaka 2004 kwa siku chache tu, kutengeneza programu iliyogoma. Programu ilikuwa imegoma vibaya, naye akabaki.

Mshahara wake ni shilingi laki nne na nusu kwa mwezi. Amepanga vyumba viwili nyuma ya soko pamoja na mkewe Winnie, anayefundisha chekechea, na binti yao mdogo. Kule Meru, mama yake huwaambia majirani kwamba mwanawe anatengeneza madirisha Karatu. Fundi seremala mmoja wa Usa River alishawahi kumpigia simu kuuliza kama anahitaji mbao.

“Mama hajakosea sana,” anasema Elisaria. “Ni madirisha kweli. Ila hayana mbao.”

Ili kumwelewa, inabidi uijue programu aliyoikuta. Ilikuwa moja, kubwa, na ilifanya kila kitu. Ilipokea oda za wageni Arusha, ikapanga vyumba vya hoteli Karatu, ikahesabu magari ya gereji, ikapanga chakula cha boksi cha kushuka nacho Kreta ya Ngorongoro, na mwisho wa mwezi ikatoa mishahara. Mambo hayo yote yalikuwa yamefungwa pamoja kama mzigo wa kuni.

“Ilikuwa nyumba ambayo ukipigilia msumari sebuleni, bati linavuja jikoni,” anasema. “Siku moja jiko walitaka kuongeza aina ya sandwichi. Sandwichi tu! Nikaongeza. Kesho yake orodha ya matairi ya gereji haipo.”

“Tukakaa wiki nzima tukihesabu matairi kwa mkono,” anadakia Aikande kutoka kule kule. “Kwa ajili ya sandwichi ya parachichi.”

Elisaria akaanza kusoma. Alikuwa akienda kwenye kibanda cha intaneti, anachapisha kurasa, anazisoma akiwa foleni ya saluni. Ndipo akakutana na fikra iliyokuwa ikizungumzwa na makampuni makubwa duniani. Yeye anaiita usanifu wa huduma. Badala ya programu moja inayofanya yote, unajenga programu ndogo ndogo. Kila moja ina kazi yake, na kila moja ina dirisha la kuulizwa na kujibu. Namna ya kuuliza na namna ya kujibu mnakubaliana mapema, na hayo makubaliano ndiyo mkataba.

Akiona unamkodolea macho, anakupeleka stendi.

“Mchukue muuza chipsi pale. Mteja akitaka mishkaki, muuza chipsi haingii buchani kushika kisu. Anasimama dirishani, anasema nipe kilo mbili, anapewa. Ng'ombe katoka Mbulu au katoka Endulen, kisu kimenolewa au hakijanolewa, hayo hayamhusu. Kesho bucha ikibadilisha kisu, chipsi haziungui.”

“Na bucha ikiwa haina nyama?”

Elisaria anakohoa. Aikande, chumbani kwake, anacheka.

Kazi ya kuipasua ile programu ilimchukua karibu mwaka mzima. Oda zikapata dirisha lao Arusha. Vyumba vikapata lao, jiko lao, gereji lao. Mhudumu wa Arusha akitaka kumuuzia mgeni safari, kompyuta yake inauliza dirisha la gereji: tarehe fulani kuna magari mangapi? Dirisha linajibu. Hapigi simu, habembelezi mtu. Hata hajui kama gereji ina kompyuta mpya au mkweche.

Mwezi Mei mwaka huu alizindua. Kulikuwa na soda na mbuzi. Hapo ndipo aliposema kwa mara ya kwanza yale maneno ya kamba za viatu, na watu wakampigia makofi. Anayekumbuka vizuri ni mkuu wa gereji, Sylvesta Tluway, Mwiraqw wa Karatu hapa hapa, mwenye mikono ambayo sabuni iliikatia tamaa zamani.

“Alisema vizuri sana,” anasema Mzee Sylvesta. “Nilipiga makofi mpaka mafuta yakamrukia mgeni rasmi.”

Miezi miwili baadaye, Julai, msimu ukiwa umechanganya, wageni wanane walishuka Manyara saa tatu asubuhi. Dirisha la gereji lilikuwa limejibu kwamba magari yapo. Wageni walikuta upepo.

Walikaa pale mpaka saa saba na nusu. Mzee mmoja wa Kidachi alimaliza kupiga picha ndege, akahamia kwenye mijusi, mijusi ilipokwisha akaanza kupiga picha begi lake. Magari yalipopatikana, ya kukodi mjini kwa bei ya kukodi mjini, muda wa kushuka Kreta ulikuwa umepita. Kesho yake asubuhi walikuwa na ndege ya kurudi. Wageni wale wanane walitoka kwao kuja kuiona Ngorongoro, wakaondoka bila kuiona.

Elisaria hafanyi mzaha akifika hapo. Anavua kofia, anaikunja.

“Kulikuwa na mama mmoja, mkewe huyo mzee. Hakugomba. Aliniuliza tu, ‘Iko upande gani?’ Nikamwonyesha kwa kidole. Akasimama akaangalia ukungu.”

Wiki ile ndipo Mama Clara alipoita kikao na kutoa amri yake ya Septemba. Elisaria alirudi kwenye kompyuta akatafuta kosa. Programu haikuwa na kosa. Dirisha liliulizwa magari mangapi, likasoma orodha, likajibu kama ilivyo kwenye orodha. Basi akaifuata orodha yenyewe gereji.

Mazungumzo ya siku ile wote wawili wanayasimulia, kila mmoja akidai mwenzake ndiye aliyekuwa mkali.

“Mzee, tuna magari mangapi?”

“Kumi na manne. Si nilikuandikia?”

“Yetu?”

“Yote yetu.”

“Hili la kijani lina nembo ya kampuni ya kina Olais.”

“Nembo ni rangi tu, kijana. Juzi limeshusha wageni wetu.”

“Kwa hiyo siyo letu.”

“Likiwa hapa ni letu. Letu likiwa kwa Olais ni lake. Wewe kwenu Meru hamwazimani?”

Hapo Elisaria akaketi juu ya tairi. Kampuni ilikuwa na magari tisa. Matano yaliyobaki yalikuwa ya majirani. Kwa miaka mingi wakuu wa gereji wa Karatu wamekuwa wakiishi hivyo. Gari lako likivunja springi Kreta, jirani anatoa lake bila maandishi wala malipo. Wiki ijayo likikwama lake, unatoa lako. Akija mtu kuuliza gari, hakuna mkuu wa gereji anayejiheshimu atakayesema sina. Anasema lipo, kisha anavuka barabara kulitafuta.

Na kweli lilikuwa likipatikana. Sylvesta hakudanganya. Ila siku ile ya Julai, Olais naye alikuwa na wageni wake, wengi kuliko kawaida. Kompyuta haikuvuka barabara kwenda kumuuliza.

“Mimi nilimpa orodha ya magari ninayoweza kuyapata,” anasema Sylvesta. “Yeye akaifanya orodha ya magari yaliyopo. Hapo nani mwenye kosa?”

“Wote wawili,” anajibu Aikande, ambaye hajaulizwa.

Elisaria anakubali nusu yake. Alikuwa amejivunia kwamba anayeuliza dirishani hana haja ya kujua kilicho ndani. Hilo anasema bado ni kweli. Lakini anayelijenga dirisha ana haja, tena kubwa, naye alipokea orodha kwa mkono wa kulia na kuiingiza kwenye mashine bila kutoka nje kuhesabu.

Hakulivunja dirisha la gereji. Alilibakiza na magari tisa tu, kisha akajenga lingine, la kuazima. Magari tisa yakiisha, dirisha la kuazima linawauliza majirani, na gari la jirani halihesabiwi mpaka jirani ajibu.

Kampuni ya Olais ina kompyuta na programu yake iliyonunuliwa Nairobi, isiyofanana hata kidogo na ya Elisaria. Haikuwa tatizo. Walikubaliana swali na jibu, kila mtu akabaki na yake. Tatizo lilikuwa Ngoyai.

Ngoyai ana magari mawili Endulen, ndani ya eneo la hifadhi. Leo anabeba watalii, kesho anabeba mgonjwa kumpeleka hospitali ya misheni. Hana kompyuta, na umeme wake ni wa betri inayoendesha redio. Elisaria alizunguka chumba kwa siku kadhaa akitafuta namna ya kumpelekea Ngoyai dirisha.

“Nikamwambia, kaka Eli, mbona unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia?” anasema Aikande. “Si uniulize mimi? Mimi naongea na Ngoyai kila siku.”

Basi dirisha la Ngoyai ni Aikande. Swali likitoka Arusha linatokea kwenye kompyuta iliyo mbele yake. Anashika kipaza sauti, anaita Endulen kwa salamu ya Kimaasai. “Sopa, Ngoyai!” “Epa!” Wanaulizana habari za ng'ombe na za mvua, kisha anauliza gari, anaandika jibu, anabonyeza. Kule Arusha wanaona jibu kama majibu mengine yote.

“Hawajui kama aliyejibu ni mashine au ni mimi na chai yangu,” anasema.

“Na hawana haja ya kujua,” anasema Elisaria, na sasa anachangamka kweli. “Huo ndio uzuri wenyewe! Siku Ngoyai akinunua kompyuta, namtoa Aikande, naiweka kompyuta, Arusha hawahisi kitu.”

“Unamtoa nani?”

“Nimesema kwa mfano, dada.”

Dirisha la kuazima lilipoanza, wiki ya kwanza kila jibu lilikuwa ndiyo. Olais, gari? Ndiyo. Ngoyai, gari? Ndiyo. Elisaria alifurahi mpaka Sylvesta alipomuuliza kama ameshawahi kusikia mtu mzima wa Karatu akimwambia jirani yake hapana.

Walimwita Olais, wakanywa chai. Olais ni kijana wa Kimaasai aliyesoma Arusha, hodari wa kazi na wa maneno.

“Olais, Jumanne ulijibu ndiyo magari mawili. Yako wapi?”

“Moja lilikuwa Loliondo.”

“Sasa mbona ulisema ndiyo?”

“Ningesemaje? Ni Mzee Sylvesta anaomba. Nilijua mpaka Jumanne Mungu atakuwa ameleta kitu.”

Elisaria angeweza kuwakalipia, au kuwawekea faini kama alivyoshauriwa na ofisi ya Arusha. Akachagua kubadilisha swali. Dirisha likaacha kuuliza “una gari?” Likaanza kuuliza namba ya gari na jina la dereva. Usipojaza vyote viwili, jibu halipokelewi.

“Mtu anaweza kusema ndiyo kwa adabu,” anasema Elisaria. “Lakini dereva huwezi kumtaja kwa adabu. Dereva yupo au hayupo.”

Ikasaidia pia upande wa aibu. Hakuna tena aliyelazimika kumwambia Mzee Sylvesta hapana. Unaacha tu nafasi wazi, mashine inasema hapana kwa niaba yako.

Hapana ya kwanza ilitoka Agosti. Springi za magari mawili zilivunjika siku moja barabara ya Endulen, majirani wakawa wamejaa, na dirisha likawajibu Arusha kwamba kesho yake magari hayatoshi. Msimamizi wa oda Arusha, Dennis, alipiga simu papo hapo.

“Alidhani kompyuta imeharibika,” anasema Aikande. “Anasema, ‘Aika, mashine yenu inasema hapana!’ Nikamwambia, ndiyo, imesema hapana. ‘Sasa nifanye nini?’ Nikamwambia, Dennis, hata sisi tunajifunza.”

Mama Clara aliwajulisha wageni jioni ile ile. Kesho yake wakatembezwa kwa miguu kwenye mashamba ya kahawa na vijiji vya karibu, keshokutwa wakashuka Kreta. Wawili walilalamika, wakapewa divai. Hakuna aliyeachwa, na wote waliiona Kreta.

Hivyo ndivyo ilivyofika leo, siku ya mwisho, wageni kumi na sita. Gereji ina magari matatu yanayotembea. La nne ni la Ngoyai. Namba ipo, dereva yupo, anaitwa Parmuat. Alilala upande wa ndani wa geti la Loduare, la kuingilia hifadhini, ili geti likifunguliwa alfajiri atangulie.

Saa moja na nusu magari matatu yanatoka. Gari la Ngoyai halijapita. Aikande anaita, redio inakoroma tu. Kwenye mteremko kutoka ukingo wa Kreta mawasiliano hukatika, anasema, hiyo ni kawaida. Anasema hivyo mara mbili.

Elisaria yuko dirishani, dirisha la kweli, la kioo. Anatazama barabara ya lami.

“Una wasiwasi?”

“Mimi? Namba ipo, dereva yupo.”

“Mbona unakunywa kutoka kwenye kikombe kisicho na chai?”

Anakiweka chini.

Saa mbili na dakika kumi Mzee Sylvesta, aliyekuwa amejiegemeza getini kana kwamba anaota jua, anapiga kelele. “Limepita! La Ngoyai limepita! Kapita kama anafukuzwa na nyati!” Wapishi wanatoka nje kuangalia vumbi, ingawa barabara ni ya lami. Elisaria hatoki. Anajitupa kitini na kuanza kueleza tena habari ya muuza chipsi, haraka haraka, mpaka muuza chipsi anaingia buchani.

Saa nne kasorobo Mama Clara anawasili moja kwa moja kutoka ibada ya kwanza, akiwa na gauni la kanisani na kitabu cha nyimbo kwapani. Hasalimii. Anavuta kiti chumba cha redio, anakaa. Sylvesta anajipenyeza mlangoni, na harufu ya dizeli inaingia pamoja naye.

Redio inakwaruza. Ni Parmuat, anazungumza kwa kituo kama mtu anayesoma tangazo.

“Karatu, Karatu. Ndege imeshuka. Wageni ni kumi na sita. Magari ni manne. Mizigo inapakiwa. Over.”

Aikande anasema “Nimekupata, Parmuat, Mungu akubariki,” jambo ambalo halimo katika taratibu za redio. Sylvesta anampiga Elisaria bega na kumwachia alama ya vidole vitano kwenye jaketi.

Mama Clara anafungua kitabu cha nyimbo, anakifunga.

“Haya,” anasema. “Kompyuta zibaki.”

“Zote, mama?”

“Zote. Na wewe ubaki. Mwambie Winnie asifungashe.”

“Alikuwa hajafungasha.”

“Alikuwa amefungasha masufuria,” anasema Aikande. “Nimeyaona mimi.”

Sasa Elisaria anaweza kuzungumzia anachokitaka, na anakizungumza akiwa amesimama katikati ya chumba. Anataka makampuni madogo yote ya Karatu, hata yenye gari moja, yawe na dirisha la kuazima. Hawatahitaji kununua mfumo mmoja wala kufanana. Kila mmoja abaki na alichonacho, awe na kompyuta, redio, au shangazi mwenye simu ya mkononi, mradi akubali swali na jibu. Baadaye anataka kwenda Mang'ola, ambako malori ya vitunguu hupeleka mzigo na kurudi matupu huku mizigo ikioza kwingine kwa kukosa usafiri. Mama Clara amemruhusu kutumia siku moja kila wiki kwa kazi hiyo, kuanzia Oktoba.

“Majirani watakuamini?” anauliza Mama Clara.

“Wataamini wakiona ninaamini mwenyewe, mama. Nitakwambia kitu. Usiku wa kuamkia leo nimelala fofofo. Mtu akijenga kitu kwa mikono yake, halafu akakaa na hofu, huyo hajajenga. Ningekuwa na shaka hata kidogo, ningeweka gari la akiba pembeni. Sikuweka. Namba ipo, dereva yupo, basi.”

Mama Clara anaanza kuitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeridhika.

“Hilo ndilo nililokuwa nalisubiri,” anasema. “Ulisikie, Sylvesta. Kijana anaamini kitu chake.”

Redio inakwaruza tena.

“Karatu, Karatu. Parmuat hapa. Tunaondoka uwanjani, wageni wote wamo. Kuna jambo moja la Bwana Elisaria. Over.”

Elisaria anaruka kuelekea redio. Mkono wa Aikande umeshafika kwenye kitufe cha sauti, na umekaa hapo.

“Sema, Parmuat,” anasema Aikande. “Anakusikia. Sote tunakusikia.”

“Kuna mzee wa Mang'ola hapa nyuma ya miti, ana Land Rover la vitunguu. Anasema Bwana Elisaria alimweka hapa tangu alfajiri, magari yasipokuja abebe wazungu. Anauliza, aende sasa? Anasema jua limekuwa kali, vitunguu vinapata joto. Over.”

Chumba kizima kinamgeukia msanifu wa mifumo. Mama Clara anaweka kitabu cha nyimbo mezani.

“Elisaria,” anasema, “wangekaa juu ya vitunguu, au chini?”